Mzabidi, Khabbab na Dhahabu ya Kahama

  

Wanahistoria wa Sira wanaeleza kuwa, Mtume (s.a.w.) akiwa kijana wa miaka ishirini hivi, aliingia Makka mfanyabiashara kutoka Zabid, nchi ya Yemen, akiwa na bidhaa zake. Aliyezinunua ni Al-Aas bin Wail, bwana mkubwa wa ukoo wa Banu Sahm. Mali akaichukua, thamani yake hakuitoa. Mgeni yule hakuwa na ukoo Makka wala mtu wa kumdhamini. Akaziendea koo zilizokuwa na mkataba wa kusaidiana na Banu Sahm, zikamfukuza. Asubuhi jua linapochomoza akapanda jabali la Abu Qubays, Maquraishi wakiwa wameketi kuizunguka Al-Kaaba, akapaza sauti kutangaza dhulma aliyofanyiwa ndani ya mji mtukufu. Wa kwanza kusimama alikuwa Zubayr bin Abdul-Muttalib, ami yake Mtume. Banu Hashim, Banu Zuhra, Banu Taym na wengineo wakakutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, wakaapa kuwa pamoja na kila aliyedhulumiwa Makka, awe mwenyeji au mgeni, mpaka apate haki yake. Kisha wakamwendea Al-Aas, wakaitoa mali ya Mzabidi mikononi mwake.

Huo ndio Hilful-Fudhul. Mtume (s.a.w.) aliuhudhuria, na baada ya kupewa Utume alisema kuwa lau angeitwa kwa mkataba kama ule katika Uislamu, angeitika.

Tumeanza na kisa hiki kwa kuwa ndani yake mna tatizo zima la mtu anayemdai tajiri aliye nje ya nchi yake. Mzabidi hakushindwa kwa kukosa haki. Haki alikuwa nayo tangu siku ya kwanza. Alichokosa ni mkono wa kuifikia. Katika makala haya tunakusudia kulitazama kwa jicho la historia na la fiqhi deni moja kubwa la zama zetu, lililodaiwa kutoka mgodi wa Bulyanhulu na wa Buzwagi, Kahama, mkoani Shinyanga, dhidi ya kampuni iliyokuwa na makao yake London. Tunatanguliza kusema kuwa kampuni hiyo ilikanusha madai tangu mwanzo hadi mwisho, na kukanusha huko, kama msomaji atakavyoona, ndiko kunakoifanya kadhia hii iwe mas-ala ya fiqhi na si habari ya magazeti tu.

Ukanda unaoanzia Shinyanga kuelekea magharibi, kupitia Kahama na Mbogwe hadi Geita, ni nchi ambayo Mwenyezi Mungu ameijaalia hazina. Almasi ya Mwadui ilijulikana mwaka 1940. Mgodi wa zamani wa Geita ulichimbwa tangu miaka ya 1930 ukafungwa mwaka 1966. Baadaye ikaja zama ya wachimbaji wadogo, watu wa sururu na kamba, waliochimba Bulyanhulu kwa maelfu. Mwezi Agosti 1996 wakaondolewa ili kupisha kampuni ya Sutton Resources ya Kanada. Yalitolewa madai kwamba baadhi yao walifukiwa mashimoni wakiwa hai, madai ambayo serikali na kampuni ziliyakanusha. Mwaka 1999 Barrick Gold, nayo ya Kanada, iliinunua Sutton, na mwaka 2001 mgodi ukafunguliwa. Geita ulikwisha kuanza mwaka 2000 chini ya kampuni nyingine, na Buzwagi ukafuata mwaka 2009. Mwaka 2010 Barrick iliiweka migodi yake ya Tanzania chini ya kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa la London kwa jina la African Barrick Gold, na mwaka 2014 jina likabadilishwa kuwa Acacia.

Sheria ya madini ya mwaka 1998 iliweka mrabaha wa dhahabu kuwa asilimia 3. Malalamiko yakawa mengi. Hapa lazima tuwatendee haki viongozi wa dini, kwani mwaka 2008 BAKWATA, pamoja na Jumuiya ya Kikristo Tanzania na Baraza la Maaskofu Katoliki, walitoa ripoti ya pamoja kuhusu namna nchi ilivyokuwa hainufaiki na dhahabu yake. Mwaka huo huo Kamati ya Jaji Mark Bomani nayo ikatoa taarifa yake, na sheria ya mwaka 2010 ikapandisha mrabaha kuwa asilimia 4. Waliosema kwamba kelele zilianza mwaka 2017 hawakuwa wakisikiliza.

Huenda msomaji akauliza: Je, mkataba uliokwisha kutiwa saini unaweza kurejewa? Tunayo riwaya ya Abu Dawud na Tirmidhi ihusuyo Abyad bin Hammal (r.a.), ambaye alimwendea Mtume (s.a.w.) akaomba apewe chumvi ya Ma'rib, naye akampa. Alipoondoka, mtu mmoja aliyekuwapo akasema kuwa alichopewa ni kama maji yasiyokatika, yaani kitu kilicho tayari na ambacho watu wote wanakihitaji. Mtume (s.a.w.) akakirejesha. Mafakihi wetu wa Kishafii wamelijengea tukio hili mlango mzima: madini ya dhahiri, kama chumvi, hayamilikishwi mtu mmoja, na madini ya ndani, kama dhahabu, wamekhitalifiana juu yake. Wamaliki wao wanaona kuwa amri ya madini yote iko kwa kiongozi wa Waislamu kwa ajili ya umma. Sisi tunachokitazama hapa ni kile kitendo chenyewe. Kiongozi alitoa, akabainishiwa uhakika wa alichokitoa, akakirejea bila ya kuona haya. Sheria za mwaka 2017 zilizolipa Bunge uwezo wa kutaka masharti mabaya ya mikataba ya rasilimali yajadiliwe upya hazikuwa jambo geni hata kidogo kwa mtu aliyesoma Kitabu cha Ihyaul-Mawat.

Tuje kwenye deni lenyewe.

Mwaka 2016 Baraza la Rufani za Kodi liliamua dhidi ya Acacia katika shauri la kodi ya zuio kwenye gawio. Kampuni ilikuwa imewagawia wenye hisa mamia ya mamilioni ya dola kati ya mwaka 2010 na 2013, huku migodi yake ya Tanzania ikionyesha kuwa haina faida ya kutozwa kodi. Kiasi kilichodaiwa kilikuwa dola milioni 41.25. Likumbuke shauri hili, kwani lilikuwa na vitabu vya hesabu, lilikuwa na waamuzi, na pande zote mbili zilisikilizwa. Kampuni ikakata rufaa.

Mwezi Machi 2017 Rais John Magufuli alipiga marufuku kusafirisha makinikia, yaani mchanga wenye dhahabu, shaba na fedha uliokuwa ukipelekwa kuyeyushwa nje ya nchi. Makontena 277 yakazuiliwa katika bandari ya Dar es Salaam. Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikachukua sampuli, na mwezi Mei ikatoa taarifa kwamba makontena yale yana tani 7.8 za dhahabu, wakati nyaraka zilionyesha tani 1.2. Mwezi Juni kamati ya pili, ya Profesa Nehemiah Osoro, ikahesabu hasara ya miaka yote tangu 1998. Mwezi Julai kampuni ikaletewa hati ya kodi ya dola bilioni 190. Kampuni ikasema kuwa kila ilichokichimba ilikitangaza, kwamba viwango vya kamati haviwezekani kijiolojia, na kwamba kodi zote halali imelipa. Ikafungua shauri la usuluhishi wa kimataifa.

Hapa tusimame kidogo, kwani watu wengi waliishangilia ile bilioni 190 bila ya kuitazama ndani. Katika hizo, bilioni 40 ndizo zilizotajwa kuwa asili ya kodi. Bilioni 150 zilikuwa riba na adhabu. Jumla yake ilizidi mara tatu ya pato zima la taifa kwa mwaka ule. Mwanafunzi wa fiqhi hawezi kuipita hesabu hii kimya. Nyongeza inayoongezeka juu ya deni kwa sababu ya kuchelewa ndiyo ile riba ya Jahiliya yenyewe, na kutoza mali kama adhabu ni jambo ambalo jumhuri ya maulamaa hawakulikubali, ingawa wapo walioliruhusu. Kwa hiyo hata mtu akikubali kila tarakimu ya kamati, kwa mizani ya sharia madai yangeanzia kwenye zile 40. Dhulma aliyofanyiwa mdai haimhalalishii riba.

Tena juu ya hizo 40 linakuja suala la ushahidi. Kanuni tunayoijua sote ni kuwa ushahidi ni juu ya mdai, na kiapo ni juu ya mwenye kukanusha. Je, sampuli za makontena ya mwezi mmoja zinathibitisha kilichokuwamo kwenye makontena ya miaka kumi na saba yaliyokwisha kuyeyushwa ng'ambo? Sisi hatusemi kuwa hapakuwa na kitu. Tunasema kuwa mdai alichelewa kushika kalamu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an Tukufu, ya 282 ya Suratul-Baqara, imeshuka kwa ajili ya kuandika deni siku linapofungwa, liwe dogo au kubwa, na kuliwekea mashahidi. Haikungoja siku ya ugomvi.

Na hapa Sira inatupa mfano unaofanana na kadhia hii kuliko mwingine wowote. Baada ya kutekwa Khaybar, Mtume (s.a.w.) aliwaachia Mayahudi wa hapo waendelee kuyahudumia mashamba yao kwa sharti la nusu kwa nusu ya mazao. Kila msimu alimtuma Abdullah bin Rawaha (r.a.) kuzikadiria tende zikiwa bado mitini. Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba wenyeji walimkusanyia mapambo ya wake zao ili awapunguzie makadirio, naye akayakataa, akawaambia kuwa hiyo ni rushwa na ni haramu. Kisha akawapa hiari: wakitaka wachukue wao kwa makadirio yale na watoe nusu, na wakitaka wamwachie yeye. Wakakiri kuwa kwa uadilifu huu mbingu na ardhi zimesimama. Tazama kwamba adui wa jana na Muislamu wa leo hawakuwa na haja ya kuaminiana. Walikuwa na mkadiriaji anayejua kazi yake, asiyenunulika, na ambaye hesabu yake ingeweza kumwelemea yeye mwenyewe akikosea. Tanzania ilikuwa na Wakala wa Ukaguzi wa Madini tangu mwaka 2009, na mwaka 2017 wakala huo ukavunjwa kwa kutuhumiwa kuwa haukuona kilichokuwa kikipita mbele yake. Ugomvi wote wa makinikia, ukiuvua nguo zake, ni ugomvi wa kukosekana Ibn Rawaha.

Tukirejea bandarini, je, kuyazuia yale makontena kulikuwa na msingi? Maulamaa wana mas-ala maarufu waiitayo mas-alatudh-dhafar, yaani mdai aliyenyimwa haki yake akaitia mkononi mali ya mdaiwa. Dalili yake kubwa ni Hind binti Utba (r.a.), aliyemshtakia Mtume (s.a.w.) ubahili wa mumewe Abu Sufyan, akaruhusiwa kuchukua katika mali yake kiasi cha kumtosha yeye na watoto wake kwa wema. Mashafii wameichukua hukumu hii kwa upana: mwenye haki ambaye hawezi kuipata kwa mdaiwa anaruhusiwa kuchukua mfano wake. Lakini wameiwekea mipaka. Haki iwe imethibiti kwake, na asizidishe juu yake. Serikali haikuyachukua makontena wala kuyauza, iliyazuia, na kuzuia ni jepesi kuliko kuchukua. Mtume (s.a.w.) naye amefundisha kwamba kuchelewesha kwa tajiri ni dhulma, na kwamba mwenye uwezo anayezungusha anajihalalishia lawama na adhabu. Tatizo ni kuwa hukumu hizi zote zinamhusu mdaiwa ambaye deni lake limethibiti. Kwa ile milioni 41.25 ya kodi ya zuio hoja ilikuwa na nguvu. Kwa bilioni 190 ilikuwa dhaifu.

Hata hivyo historia ya pwani yetu inatufahamisha kwa nini bandari ndipo mahali ambapo deni hushikwa. Karne ya 19, wenye mitaji wa Unguja, kama Taria Topan aliyemkopesha Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, walitoa vitambaa na shanga kwa mkopo, misafara ikaondoka kwenda Tabora na kupita. Mkopeshaji hakuweza kumfuata mdaiwa wake huko. Alichokuwa nacho ni yakini kwamba pembe lazima siku moja zishuke pwani, kwa kuwa mali ya bara haikuwa na soko jingine. Mwaka 2017 njia ya mali ya Kahama ilikuwa bado ni ile ile, kutoka bara hadi baharini. Makontena 277 yalifanya kazi ambayo hukumu ya mahakama peke yake isingeifanya.

Maana hukumu ina kasoro yake mdaiwa akiwa mbali. Mafakihi waliijua kasoro hii kabla ya kuwapo kampuni za hisa. Katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu kinachosomeshwa katika darasa zetu, mlango wa kumhukumu asiyekuwapo unaeleza kuwa mdai akileta ushahidi wake, kadhi anamhukumu aliye mbali. Ikiwa mali yake ipo katika mji wa kadhi, deni litalipwa humo humo. Ikiwa haipo, kadhi atamwandikia kadhi wa mji wa mdaiwa, na barua itakwenda na mashahidi wawili waadilifu waliosikia hukumu, ili kule itekelezwe. Wahanafi hawakukubali kumhukumu asiyekuwapo, kwa kuhofia kwamba huenda ana hoja ambayo haijasikika. Ukitazama vizuri, mikataba ya leo ya kutambua hukumu na tuzo za usuluhishi baina ya mataifa ni barua ya kadhi kwa kadhi iliyovaa nguo nyingine, na udhaifu wake ni ule ule: kadhi wa pili asipoiheshimu barua, mdai anabaki na karatasi.

Ndipo wote wakaelekea kwenye sulhu. Mwenyekiti wa Barrick, John Thornton, alifika Ikulu mwezi Juni 2017. Ujumbe wa Tanzania ukaongozwa na Profesa Palamagamba Kabudi. Tarehe 19 Oktoba 2017 ukatangazwa mwafaka: kampuni itoe dola milioni 300, serikali ipate asilimia 16 ya hisa katika migodi, na manufaa ya kiuchumi yagawanywe nusu kwa nusu. Mwaka 2019 Barrick ikazinunua hisa za Acacia zilizokuwa mikononi mwa watu wengine, jina la Acacia likatoweka, na ikaundwa kampuni ya ubia ya Twiga. Mkataba ukasainiwa tarehe 24 Januari 2020. Dola milioni 100 zikalipwa mwaka huo, na zilizobaki zikapangwa kulipwa kwa awamu tano za milioni 40 kila mwaka.

Milioni 300 kwa bilioni 190 ni kama senti 16 katika kila dola 100. Ukiitoa riba na adhabu, ni senti 75. Kuna waliolia na kuna waliocheka. Sisi tunauliza swali jingine: Sulhu hii ni ya aina gani?

Sulhu zina milango. Ya kwanza ni sulhu juu ya kukiri, na mfano wake ni hadithi ya Kaab bin Malik (r.a.) iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Alikuwa akimdai Ibn Abi Hadrad, sauti zao zikapanda msikitini mpaka Mtume (s.a.w.) akazisikia kutoka nyumbani kwake. Akafunua pazia, akamwashiria Kaab kwa mkono apunguze nusu ya deni lake. Kaab akaridhia. Mtume akamwambia mdaiwa asimame alipe. Hapa hakuna khitilafu, deni linajulikana na mwenyewe kasamehe sehemu yake.

Kadhia ya rada inakaribia mlango huu, ingawa haikuingia ndani kabisa. Tanzania iliinunua rada ile kwa BAE Systems ya Uingereza kwa bei ya pauni milioni 28. Mwezi Desemba 2010 kampuni hiyo ilikiri mbele ya mahakama ya London kosa la kutoweka kumbukumbu za hesabu ipasavyo, ikatozwa faini ya pauni laki tano, na ikaahidi kuwapa watu wa Tanzania pauni milioni 29.5. Haikukiri rushwa. Ilikiri daftari bovu. Fedha zilifika mwaka 2012, zikanunuliwa vitabu na madawati ya shule. Kukiri huko kidogo tu kulitosha kuleta zaidi ya bei yote ya rada.

Mlango wa pili ni sulhu juu ya kukanusha: mdai anadai, mdaiwa anasema hana deni, kisha anatoa kitu ili ugomvi uishe. Hii ndiyo ya Bulyanhulu. Na hapa madhehebu yetu ya Kishafii yana msimamo mkali, kwani yanasema kuwa sulhu hiyo ni batili. Hoja yao ni nzito. Mdai akiwa mwongo, amehalalisha mali ya mwenziwe iliyokuwa haramu kwake. Akiwa mkweli, amejiharamishia sehemu ya mali iliyokuwa halali yake. Na sulhu inayoharamisha halali au kuhalalisha haramu Mtume (s.a.w.) ameivua katika sulhu zinazojuzu. Imam Abu Hanifa, Imam Malik na Imam Ahmad wao wameiruhusu. Kwa mdai ni badali ya haki anayoiamini, na kwa mdaiwa ni fidia ya kujiepusha na kiapo na magomvi. Lakini wote wamekubaliana kuwa yule anayejua moyoni mwake kwamba ni mwongo, anachokichukua au anachokizuia ni haramu kwake, hata ukisainiwa mkataba mbele ya dunia nzima.

Kuna kipengele kimoja kinachopendeza kwa mwanafunzi. Aliyekuwa mezani hakuwa Acacia mwenyewe, bali Barrick, aliyekuwa na karibu theluthi mbili ya hisa zake. Minhaj inayo hata sura hii. Mtu baki akija kusuluhisha kwa niaba ya mdaiwa akasema kuwa ametumwa naye, na kwamba mdaiwa anakiri kwako, sulhu inasihi. Barrick hakusema neno hilo la pili.

Sisi, pamoja na heshima yetu kwa madhehebu tuliyolelewa nayo, katika mali ya umma tunaelemea kwenye kauli ya jumhuri. Dalili yetu ni hadithi ya Ummu Salama (r.a.) katika Sunan Abi Dawud kuhusu watu wawili waliogombea mirathi ya kale isiyokuwa na ushahidi. Mtume (s.a.w.) aliwatahadharisha kuwa yeye ni binadamu, anahukumu kwa anachokisikia, na atakayepewa haki ya nduguye amekatiwa kipande cha moto. Wote wawili wakalia, kila mmoja akasema haki yake amempa mwenziwe. Akawaambia wagawane, waitafute haki, wapige kura, kisha kila mmoja amhalalishie mwenziwe. Palipokosekana ushahidi, kugawana na kusameheana kulitangulia. Kukatalia sulhu kwenye kadhia ya mchanga uliokwisha kuyeyushwa ni kuliacha deni lisubiri Kiyama, na hali mali ya umma ina mayatima na wagonjwa wanaoihitaji leo.

Ila tunaweka sharti ambalo Imam Suyuti ameliorodhesha katika kanuni za madhehebu yetu wenyewe: kitendo cha kiongozi juu ya raia kimefungwa na maslahi yao. Kaab alisamehe nusu ya mali yake. Kiongozi anayesamehe, anasamehe mali isiyokuwa yake. Kwa hiyo anawajibika kuonyesha hesabu ya alichokiacha na kwa nini alikiacha. Hiyo hesabu ndiyo ambayo raia wa Kahama wana haki ya kuiuliza, bila ya kuitwa wachochezi.

Linabaki jambo ambalo imamu wa Kahama au wa Geita ndilo atakaloulizwa baada ya swala, wala si la mabilioni. Ni mama aliyempikia mkandarasi wa mgodini kwa miezi minne, mkandarasi akaondoka nchini. Ni mwenye gari aliyekodishwa, hakulipwa. Ni mchimbaji mdogo aliyempa mnunuzi mgeni dhahabu yake kwa ahadi ya kulipwa wiki ijayo. Baadhi ya watu wamewahi kuwaambia wenye madai kama haya kwamba serikali imekwisha kupatana na wazungu, basi yamekwisha. Hilo si sahihi. Sulhu hailifuti deni ila la aliyesuluhisha au aliyemwakilisha kwa idhini. Aliyesuluhisha kodi hakusuluhisha ujira wa mpishi.

Na hapa ndipo jina la Al-Aas bin Wail linaporudi. Miaka kadhaa baada ya kisa cha Mzabidi, Khabbab bin Al-Aratt (r.a.), fundi wa chuma aliyetengeneza panga Makka, alimfanyia kazi Al-Aas huyo huyo. Alipokwenda kudai, Al-Aas alimwambia hamlipi mpaka amkufuru Muhammad. Khabbab akajibu kuwa hatakufuru mpaka Al-Aas afe na kufufuliwa. Al-Aas akacheka, akasema: nikifufuliwa nitakuwa na mali na watoto, huko ndiko nitakakokulipa. Zikashuka Aya za Suratu Maryam, 77 hadi 80. Mdaiwa ni yule yule, na tabia ni ile ile. Mzabidi alipata mali yake kwa kuwa koo tano au sita zilikula kiapo kwa ajili yake. Khabbab alikuwa mtumwa aliyeachwa huru, asiye na ukoo Makka, na waliokula kiapo nyumbani kwa Ibn Jud'an hatusomi kuwa walisimama mlangoni kwa Al-Aas mara ya pili.

Anayeulizwa na mama yule, basi, asimjibu kwa kusubiri Akhera kabla hajamwuliza maswali ya hapa duniani. Je, ana karatasi yoyote, hata daftari la sahani lenye saini ya msimamizi? Je, mkandarasi bado ana malipo anayomdai mwenye mgodi, ili deni lishikwe huko kabla ya fedha kuvuka mpaka? Hii ndiyo hawala na ndiyo bandari yake. Je, wako wengine wanaomdai mtu huyo huyo, wakaenda kwa wakili mmoja na kwa kauli moja? Na msikiti wenye wakili, mhasibu au karani miongoni mwa waumini wake, una nini cha kuuzuia kuwa nyumba ya Ibn Jud'an?

Wallahu a'lam.